Safari ya kwa Mama imekaribia, na binti yangu hataki kupanda gari

Salaam, mshauri wetu.

Shule zinafungwa karibuni kwa likizo ndefu na, kama ilivyo kila likizo hiyo, familia yangu inajiandaa kwenda kumwona mama yangu mzazi. Tunaishi mbali naye, mwendo wa kilomita 900 hivi kwa gari. Ndugu zangu wote, kaka zangu wawili na mdogo wangu wa kike, hukusanyika kwake msimu huo pamoja na wenzi wao na watoto. Mama amezeeka. Tangu Baba afariki, siku hizo ndizo anazozingojea mwaka mzima. Nimeshamwahidi kwamba tunakwenda, naye ameshapanga nani atalala chumba gani.

Tuna watoto watatu. Wa kwanza ni msichana wa miaka 14, wa pili ni mvulana wa miaka 9, na kitinda mimba ana miaka 4. Dereva ni mume wangu peke yake. Mimi leseni ninayo na mjini naendesha, lakini barabara kuu sijaizoea, na mume wangu hajawahi kunikabidhi usukani katika safari ndefu. Husema kazi ya baba ni kuifikisha familia yake. Hupenda kusafiri usiku. Anatoka kazini, anaoga, tunapakia mizigo, tunaondoka. Sababu zake nazielewa: joto la mchana huwatesa watoto, usiku magari ni machache, wadogo wanalala, na hatulipi nyumba ya wageni. Hasimami ila kwa kujaza mafuta au mtoto akitapika, maana huyu wa katikati gari humchafua moyo.

Sasa jambo lenyewe. Likizo iliyopita tulisafiri hivyohivyo. Karibu na alfajiri nilishtuliwa na mtikisiko: gari lilikuwa limegusa changarawe za kando, kisha likarudi barabarani. Nikamwuliza mume wangu kuna nini, akasema alikuwa anakwepa shimo. Tulifika salama, likizo ikapita, sikulifikiria tena.

Majuzi nilipotaja tarehe ya safari, binti yangu alisema yeye haendi. Nilidhani ni mambo ya umri wake, marafiki na simu. Usiku alinifuata jikoni akaniambia kwamba ile alfajiri yeye hakuwa amelala. Alikuwa amekaa nyuma ya kiti changu, na kwenye kioo alimwona baba yake kichwa kinaanguka, kinainuka, kinaanguka tena. Alikuwa akikohoa makusudi ili amzindue. Hapakuwa na shimo. Kisha akanisihi nisimwambie baba yake. Alisema, "Baba atajua ni mimi, na atafikiri simwamini."

Tangu hapo sina raha. Nikimwambia mume wangu, nimevunja siri ya mtoto ambaye ndio kwanza ameanza kunifungulia moyo wake. Nikinyamaza, napanda gari nikijua ninachokijua. Nilijaribu kupita kando: nikapendekeza mwaka huu tusafiri mchana na tulale njiani. Alikasirika. Alisema, "Siku hizi umeanza kunihesabia," na kwamba kama uendeshaji wake haunitoshi, niwaambie kaka zangu waje kunichukua. Maneno hayo yalinishangaza, kwa sababu si mtu wa hasira. Ni mpole, na kazi yake siku hizi inamchosha sana. Usiku anakoroma kuliko zamani, na akiketi mbele ya televisheni usingizi humpitia kabla taarifa ya habari haijaisha.

Kuna hili pia. Tukishafika kwetu, gari letu ndilo gari la watu wote. Kaka zangu humtuma shemeji yao huku na huku: ampeleke Mama kliniki, ampokee fulani kituoni, amrudishe fulani kwake. Yeye huitika bila neno. Nimeona nilitaje, kwa vile amewataja kaka zangu mwenyewe.

Binti yangu ameomba abaki kwa rafiki yake. Baba yake akisikia hivyo atauliza sababu, na mama yangu naye atauliza mjukuu wake mkubwa yuko wapi. Mdogo wangu ameniambia kwa simu, "Panda basi na watoto, mwache aje mwenyewe," lakini naona hiyo ni kumwaibisha mume wangu ukweni. Kuna wakati natamani niseme tu mwaka huu hatuendi. Halafu namfikiria Mama na vyumba vyake alivyovipanga.

Nifanye nini, mshauri? Je, nina haki ya kuvunja siri ya mtoto? Na nitamwambiaje mwanamume ambaye hufanya haya yote kwa ajili yangu kwamba naogopa kupanda gari lake?

Mama wa Watatu

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Watatu, dada yangu,

Barua yako nimeisoma na kuirudia, na kila ninapoirudia nasimama pale binti yako anapokohoa. Nitaanzia hapo, ingawa wewe umeanzia kwa mama yako.

Nieleze kwanza nilivyokuelewa, ili kama nimekosea mahali upaone. Unataka kumfikia mama yako, na unataka kumfikia ukiwa na watoto wote. Mumeo unampenda na unaiona jitihada yake. Umeambiwa jambo la hatari na mtoto aliyekuomba ulifiche, na mtu pekee anayeweza kuliondoa hatari hilo ndiye aliyekatazwa kuambiwa. Juu ya hayo wako ndugu zako, kila mmoja na kauli yake. Ndiyo maana swali lako limekuwa "niende au nisiende", kwa sababu kutokwenda kunaonekana kama mlango pekee usio na mtu wa kuudhika. Lakini mama yako yuko nyuma ya mlango huo, nawe unalijua hilo.

Sasa binti yako. Mtoto wa miaka 14 alikaa macho wakati nyinyi nyote mmelala, akajipa kazi ya kumlinda dereva. Hakupiga kelele, hakukuamsha wewe, alikohoa. Alitafuta njia ya kuwaokoa bila kumwumiza baba yake. Kisha akaishi na jambo hilo mpaka tarehe ya safari nyingine ilipotajwa. Unaposema hataki kwenda, mimi nasikia kwamba hataki kurudi kwenye zamu ile. Kabla ya siri na kabla ya safari, mtoto huyu anahitaji kusikia kutoka kwako kwamba zamu hiyo imekwisha, kwamba kuanzia sasa ni kazi ya watu wazima, na kwamba hatawekwa tena ndani ya gari ambamo inabidi akae macho ili ndugu zake wawe salama. Umeshamwambia hivyo? Barua yako haisemi. Inawezekana jikoni pale ulishtuka, kama ambavyo mzazi yeyote angeshtuka, na mazungumzo yakaishia kwenye siri.

Kuhusu siri yenyewe, yaangalie tena maneno yake. Hakusema "Baba asijue kwamba alisinzia." Alisema baba atajua ni yeye, na atafikiri hamwamini. Nikimsikiliza vizuri, anachoogopa ni nafasi yake moyoni mwa baba yake. Kama ndivyo, kuna mambo mawili ambayo wewe umeyafunga pamoja: jambo kusemwa, na yeye kutajwa. Yanaweza kufunguliwa. Lakini usiyafungue bila yeye. Rudi kwake kabla ya kwenda kwa mumeo. Mwambie kwa maneno yako mwenyewe kwamba hukumwendea baba yake kwa siri, kwamba jambo la uhai wa watu watano huwezi kulinyamazia, na kwamba unataka akusaidie kuona lisemwe vipi. Mpe nafasi ya kukasirika. Huenda atasema ahadi ni ahadi. Na huenda ukaona mabega yake yanashuka, kwa sababu watoto wengi wanapompa mzazi siri nzito huwa wanatamani mtu mzima aifanyie kitu.

Kuna njia ya kulisema bila kumtaja kabisa, na ipo ndani ya barua yako. Wewe mwenyewe uliamshwa na mtikisiko. Wewe mwenyewe unamsikia akikoroma na unamwona usingizi ukimpitia jioni. Huo ni ushuhuda wako na hauhitaji wa mtoto. Hatari ya njia hii ni kwamba mumeo anaweza kukuuliza ana kwa ana, "Nani kakwambia?" Ukimdanganya, kuna siku itajulikana, na binti yako atakuwa amejifunza kwamba mambo ya hatari hulindwa kwa uongo. Ukimtaja bila yeye kujua, utakuwa umelifunga lile dirisha alilolifungua jikoni. Kwa hiyo swali hilo liulizeni nyinyi wawili mapema: baba akiuliza, tujibu nini? Pengine atasema mwenyewe kwamba yuko tayari kuwepo. Pengine hatasema. Yote mawili yana nafasi.

Nije kwa mumeo. Umeandika kama mtu anayekabili kiburi, na inawezekana kipo kidogo. Ila nikitazama picha uliyoichora, naona zaidi mtu aliyechoka. Piga hesabu ya siku moja ya safari. Tuseme ameamka saa 12 asubuhi, amefanya kazi kutwa, mmeondoka saa 2 usiku. Ikifika saa 11 alfajiri, kwenye changarawe zile, amekuwa macho kwa muda wa saa 23. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 utendaji wake hushuka kama wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi zimekiweka kuwa kikomo cha dereva. Akifikisha saa 24, huwa kama mwenye asilimia 0.10. Mumeo hajanywa kitu. Lakini mwili wake, saa ile, haukuwa mwili wa mtu mzima wa akili na macho.

Na kuna jambo la saa ya ndani ya mwili. Mwili wa binadamu una vipindi viwili ambavyo usingizi huuvuta kwa nguvu: kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, na tena alasiri, saa 8 hadi saa 10 hivi. Mpango wenu unamweka mumeo katikati ya kipindi kibaya kuliko vyote, tena mwishoni mwa safari. Kusinzia kwa sekunde 4 tu kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni zaidi ya mita 110 bila dereva. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Humfanya mtu ajione amechangamka kwa dakika chache. Kinachosaidia ni kusimama mahali salama, kunywa kahawa, kisha kulala dakika 15 hadi 20 wakati kahawa inaanza kufanya kazi. Hata hiyo ni ya kumfikisha mahali pa kupumzika, haifuti usiku mzima.

Nakwambia haya kwa sababu nadhani yanaweza kubadili mazungumzo yenu. Ukimwambia mumeo "naogopa unavyoendesha", umemgusa pale anapojiona baba. Ukimwambia "ulikuwa macho tangu asubuhi ya jana", umezungumzia mwili, na usingizi ni kama kiu, haumchagui mzembe ukamwacha hodari. Hata madereva ambao hiyo ndiyo kazi yao hawaachiwi wajipimie wenyewe. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dereva wa lori lazima apumzike dakika 45 kila baada ya kuendesha kwa muda wa saa 4 na nusu, na kwa siku asizidi saa 9, isipokuwa mara mbili kwa wiki anaporuhusiwa kufika 10. Safari yenu ya kilomita 900, mtu akienda kwa uangalifu, inavuka kipimo hicho, naye anaianza baada ya kutwa nzima ya kazi nyingine.

Hapa naomba unisikilize kwa makini zaidi. Kukoroma kulikoongezeka pamoja na usingizi wa mapema jioni ni mambo ambayo daktari angependa kuyasikia. Kuna hali ambayo mtu pumzi yake hukatika mara nyingi usiku akiwa amelala, bila yeye kujua, akaamka amechoka kana kwamba hakulala. Haina uhusiano na uvivu, na inatibika. Sisemi mumeo anayo. Hilo ni la kupimwa. Nasema tu kwamba wewe unayelala kando yake ndiye unayesikia asichokisikia, na hilo unaweza kumwambia kwa upendo hata kama safari isingekuwepo. Umsikilize pia usiku: kuna nyakati koromo linakatika ghafla, kimya, halafu anashtuka na kuvuta pumzi? Hayo ndiyo maelezo ya kumpelekea daktari.

Halafu ile kauli yake, "waambie kaka zako waje kukuchukua." Ilikushangaza, na mimi ndiyo iliyonifumbua macho. Mlikuwa mnazungumzia mchana na usiku. Kaka zako wametoka wapi? Mwenyewe umenipa jibu mistari michache baadaye. Mtu huyu anaendesha usiku kucha kuwaleta kwenu, na akifika anaendelea kuendesha. Anaitika bila neno, na sote tunajua kuitika bila neno si lazima kuwe kuridhika. Inawezekana kwamba uliposema "tulale njiani", alichosikia ni kwamba hata hili analolitoa halijatosha. Sina uhakika, sijakaa naye. Lakini kabla ya kumpa hoja zako, ungeweza kumwuliza swali ambalo labda hajawahi kuulizwa: likizo hii ya kwetu, wewe unapumzika saa ngapi? Ukimwuliza, ngoja jibu hata likichelewa, wala usiwatetee kaka zako.

Chagua wakati wa kuzungumza. Usiwe wakati anapiga hesabu za mafuta, wala mbele ya watoto, wala usiku akiwa tayari macho yamemlegea. Na wazo la mdogo wako la basi, kwa sasa, ningeliweka kando ya masikio ya mumeo. Akilisikia kwanza kama uamuzi wa dada wawili, atajua mmeshamjadili bila yeye.

Mkishaweza kuzungumza, njia zipo kadhaa, na hakuna hata moja isiyo na ugumu wake.

Ile ya kusafiri mchana na kulala njiani ndiyo uliyoitaja wewe. Inagawanya kazi ya dereva, na inampa mwanao wa katikati nafuu, maana kichefuchefu cha safari hutokana na macho kuona mambo tofauti na yale sikio la ndani linayoyahisi. Mtoto anayetazama nje mbele, mbali, bila simu wala kitabu, hupata unafuu. Gizani hana cha kutazama. Dawa za kichefuchefu nyingi huleta usingizi, kwa hiyo dereva asizionje kamwe, na mtoto apewe kwa ushauri wa mfamasia. Ubaya wa mchana ni kama alivyosema mumeo: joto, msongamano, na gharama ya malazi. Nalo joto si dogo. Gari lililofungwa juani hupanda joto kwa nyuzi 10 hivi za Selsiasi ndani ya dakika 10, hivyo mkisimama mahali, huyo wa miaka 4 asiachwe ndani hata kwa dakika ya kulipia mafuta. Ile ya malazi mnaweza kuipigia hesabu pamoja, badala ya wewe kumpelekea bei.

Njia nyingine ni wewe kushika usukani kwa kipande cha safari. Umepita juu yake haraka sana katika barua. "Sijaizoea," umesema, kisha ukamtaja yeye. Nakuuliza kwa upole: ni yeye anayekunyima, au nyote wawili mmezoea iwe hivyo? Zipo wiki chache kabla ya safari. Mngeweza kutoka Jumapili asubuhi, yeye akakaa kushoto au kulia kwako kama mwalimu, mkaenda umbali mfupi kwenye barabara kuu na kurudi. Kwa mwanamume anayeona kufikisha familia ni kazi yake, kukufundisha ni sehemu ya kazi hiyo. Hatari ni kwamba kama huna ujasiri wa kweli, hofu yako itakuwa mzigo mwingine kwake, na hatalala ukiwa unaendesha. Jipime kwa ukweli, wala usijilazimishe ili tu uonekane umetoa suluhisho.

Mnaweza pia kuondoka kukiwa bado giza, lakini baada ya yeye kulala. Achukue siku moja ya ruhusa, alale usiku mzima, mwondoke alfajiri. Hii humwachia sehemu kubwa ya mpango wake, na huenda ndiyo asiyoiona kuwa imemshinda. Inagharimu siku moja ya kazi, na alasiri bado itamvuta. Itabidi msimame, tena kwa muda wa kutosha, kila baada ya saa mbili hivi. Na hata watoto wakiwa wamelala, mikanda ibaki imefungwa na mdogo akae kwenye kiti chake cha usalama, asilale kwenye mapaja.

Basi nalo lipo. Umesema ni kumwaibisha. Inaweza kuwa hivyo, kama ni wewe na watoto mmeondoka mkamwacha. Je, ikiwa familia nzima inapanda basi, naye anasafiri kama abiria, analala, na gari linabaki nyumbani? Hakutakuwa na gari la kutumwa. Sijui kama angelipenda hilo au angejiona amevuliwa kitu. Muulize, ukiwa tayari kusikia lolote.

Binti yako kubaki kwa rafiki yake ni ombi halali, na usilifanye utovu wa adabu. Lakini tazama linafanya nini: linamtoa yeye garini, na ninyi wengine mnabaki ndani. Mtoto aliyekohoa kumzindua baba yake hatalala usiku huo popote atakapokuwa. Likiwa jibu baada ya mpango wa safari kubadilika, ni sawa. Likiwa jibu badala ya mpango kubadilika, atahesabu kilomita akiwa huko.

Sasa mama yako. Umemweka katika barua kama mtu atakayeumia kwa badiliko lolote, na nasita kukubali moja kwa moja. Ulimwahidi kwamba mtakwenda. Ulimwahidi na saa ya kufika? Mwanamke aliyelea watoto wanne na kumzika mume anajua habari za barabara na hofu. Akiambiwa mapema, na wewe, kwa sauti ya kawaida, kwamba mwaka huu mtafika siku moja baadaye kwa sababu mtalala njiani, vyumba vyake havitabomoka. Anaweza kununa kidogo. Anaweza pia kusema, "Afadhali," na ukajiuliza ni likizo ngapi amekesha akingojea taa za gari lenu. Usimweleze ya kusinzia. Hilo ni la mumeo, na ukweni halina haja ya kufika.

Na ikiwa mtazungumza, na tena mtazungumza, na siku ya safari ikafika mumeo ametoka kazini jioni na funguo mkononi kama zamani? Sitakuamulia. Nataka tu ujue kwamba kusema, "Mimi na watoto hatuondoki usiku huu; kesho asubuhi, ukishalala, tutaondoka pamoja," ni sentensi ambayo mke anaweza kuisema bila kupandisha sauti na bila kumvunjia mtu heshima. Itakuwa na gharama usiku huo. Gharama ya kutoisema unaijua, kwa sababu umeniandikia. Fikiria mapema ungeisema vipi, usije ukaitafuta mizigo ikiwa tayari iko ndani ya gari.

Jambo la mwisho ni la upande wako, na mumeo hahitaji kuhusishwa. Kaka zako ni ndugu zako. Anayeweza kusema nao ni wewe. Wapigie kabla hamjafika, waambie mwaka huu shemeji yao atapumzika, na kliniki ya Mama wapangiane wao. Usiseme kwamba amelalamika, kwa sababu hajalalamika. Kisha kaeni na mumeo mpange siku ya kurudi, kwa maana barua yako nzima inahusu kwenda, na mtu huyohuyo ana kilomita 900 nyingine za kurudi, akiwa amechoka kwa likizo yenyewe na kazi inamngoja. Isiwe usiku wa kuamkia kazini. Acheni angalau siku moja nyumbani katikati, nayo iandikwe kwenye kalenda pamoja na tarehe ya kuondoka.